Kiti cha Mwenye Pampu

Jumatatu, 9 Machi 1959. Bondeni, Nakuru

Naandika kwa sababu shemeji yangu Khaemba ana tabia moja. Ukimkumbusha maneno aliyosema, anakujibu, "Hapana, shemeji, umesahau." Haya basi. Kuanzia leo nasema na naandika, tuone ni nani anayesahau.

Nimeshuka kwenye treni ya Naivasha na pampu kichwani. Kutoka steshoni mpaka hapa Bondeni watu wamenicheka njia nzima. Mmoja ameniuliza kama ni mashine ya kusaga nyama. Nimemwambia ndiyo, lete mkono tujaribu.

Pampu yenyewe ni ya umeme. Ilikuwa kwenye motaboti iliyokuwa ikibeba abiria wa zile ndege za majini zilizokuwa zikitua ziwani Naivasha. Ndege zilipokoma kuja, motaboti ikaozea kwenye matete na pampu ikabaki nzima. Mzungu mwenye shamba ametupatia baada ya Achola kumtengenezea gati lake.

Mashua yetu ni ya watu wanne. Achola ni nahodha, Khaemba ni wa injini, Kiplangat ni wa nyavu, na wa nne alikuwa Wasike, mume wangu, ambaye kichomi kilimchukua Novemba. Mapatano yao yalikuwa haya: mwenye sehemu ni yule ambaye mikono yake imo ndani ya mashua. Kwa hivyo baada ya matanga niliingia, nikaketi kwenye ubao wa mume wangu na kushika kopo. Mashua ni ya chuma, imeungwa kwa ribiti, misumari minene isiyo na ncha, na kila ribiti inatoa jasho. Tunaiita Debe. Mtu asipochota maji kutwa nzima, Debe inakwenda kulala na viboko. Mimi ndiye nachota.

Sasa Bwana Samaki, yule mkubwa wa serikali anayeangalia uvuvi wa ziwa, amesema mashua ya chuma bila pampu haitapata ruhusa. Atakuja kukagua mwisho wa Mei. Na Khaemba amecheka mpaka akakohoa: "Pampu ikiingia, kopo linatoka. Kopo likitoka, shemeji anatoka. Nafasi ya ndugu yangu itarudi nyumbani." Nyumbani maana yake ni kwake. Na mimi pia nitarudi nyumbani, yaani kwake, niwe mke wa pili. Tangu mazishi anavaa kofia ya Wasike, eti kuonyesha watu kuwa ndiye mrithi.

Thubutu. Nimewaambia wote watatu mbele ya Debe kwamba pampu nitaifunga mimi, na nimekuja Nakuru kujifunza jinsi. Kama kopo ndilo linanitoa, pampu ndiyo itaniweka.

Jumatano, 11 Machi

Siku mbili niko chini ya lori. Ndung'u, fundi wa waya hapa Bondeni, alirudi mwaka jana kutoka kizuizini na hana maneno mengi, ila hakunicheka. Alinipa bisibisi na kuniambia nilale mgongo chini nitazame.

"Betri ina vichwa viwili," amesema. "Kimoja unafunga kwenye bodi ya lori. Kingine ndicho kinasafiri na waya mpaka kwa taa, mpaka kwa honi. Kurudi, umeme unarudi kwa bodi. Bodi ndiyo waya wako wa pili."

"Kwa hivyo kila kitu kina waya mmoja tu?"

"Mmoja tu. Chuma chote hiki kinakufanyia kazi bure."

Nimefurahi kama niliyeokota shilingi. Debe pia ni chuma kitupu! Nimeunga waya, nimefunga tepu ya kitambaa kwenye kiungo, nimewasha honi. Jirani ametoka na mwiko akidhani lori linamwingilia jikoni.

Jumamosi, 14 Machi. Naivasha

Nimerudi kambini. Mvua haijaanza ila milima ya Mau imejifunika mawingu.

Jumanne, 17 Machi

Pampu imekubali!

Nimeifunga pale nyuma, chini ya mbao, mahali maji yanapokusanyika. Betri ya lori nimeiweka kwenye kisanduku. Kichwa chekundu nimekifunga kwenye bodi ya Debe kwa boliti, kama kwa Ndung'u. Kichwa cheusi kimetoa waya, waya umefika katikati ukaisha, nikauunganisha na kipande kingine, nikafunga tepu, ukaendelea mpaka kwa swichi karibu na injini, halafu pampu. Kiplangat aliniangalia huku akitafuna jani la nyasi.

"Nanyama, ikilipuka nitakwenda kumwambia nani?"

"Mwambie mama yangu nilikufa nikifanya kazi yangu."

Nimebonyeza. Ikanguruma, ikatapika, halafu maji yakaruka nje ya ubavu wa mashua. Achola, ambaye sijawahi kuona meno yake, nimeyaona leo.

Khaemba naye ameokota kopo langu, akalitupa kwenye matete. "Kopo limestaafu," akasema. "Na mwenye kopo?"

Achola ndiye alijibu. Huyu ni mtu wa Nyanza, alizaliwa ndani ya mashua, na kwake mwanamke kuketi mashuani bila kazi ni kuchokoza maji. Amesema, "Pampu haijibonyezi yenyewe. Mpaka Bwana Samaki akuje, huyu mama akae. Pampu ikifanya kazi vizuri, hiyo ni kazi yake. Ikishindwa, tutaongea."

Nimekwenda kwenye matete na kuliokota kopo langu. Sasa napimia unga.

Jumapili, 29 Machi. Pasaka

Kanisani nimevaa kitambaa kipya. Namalwa, mke wa Khaemba, ameninong'oneza katikati ya wimbo: "Mwenzangu, kataa. Mimi mwenyewe nakuomba. Huyo mmoja ananitosha kwa makelele." Tumecheka mpaka mzee wa kanisa akatugeukia.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Samaki wengi. Ngege wa kiganja na nusu, na wale weusi wenye midomo mikubwa walioletwa na wazungu.

Jumanne, 7 Aprili

Niandike jinsi tunavyofanya kazi, maana leo Kiplangat amenikasirisha.

Lori la kupeleka samaki Nakuru linakuja jioni, na jua la hapa haliwasubiri samaki. Kwa hivyo Achola ana njia yake ya kwao. Samaki akitoka tu kwenye wavu anapasuliwa hapo hapo kwenye mashua na kupakwa chumvi. Gunia la chumvi linakaa katikati, karibu na miguu yangu. Sasa kwa vile sichoti maji tena, Kiplangat amenitupia samaki na kisu: "Pampu yako imelala, wewe pia umelala?" Nimepasua samaki kumshinda. Jioni mikono ilikuwa imeniwasha kwa chumvi mpaka nikashindwa kusonga ugali, lakini sikusema.

Ijumaa, 10 Aprili

Betri imekufa. Nimebonyeza asubuhi, kimya. Tumeipeleka mjini kwa punda ikachajiwe. Nimemwambia mwenye chaja aichaji vizuri, siyo nusu nusu.

Jumatano, 15 Aprili

Imekufa tena! Nimekwenda mjini mwenyewe kumgombeza yule wa chaja. Ameapa kwa Mungu kwamba aliichaji siku nzima. Nimemwita mwongo mbele ya wateja wake.

Khaemba: "Hata betri inachoka kukaa na wewe, shemeji."

Mimi: "Mbona wewe huchoki?"

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeona kitu kidogo cha ajabu. Mbao moja ilikuwa imeinuka katikati ya mashua, na kwenye maji ya chini palikuwa na vipovu vidogo vidogo vikipanda, kama vya uji unaoanza kuchemka. Nimedhani ni kiluwiluwi. Nimetia kidole, hakuna kitu ila waya wangu umelala ndani ya maji. Nimerudisha mbao.

Ijumaa, 24 Aprili

Maji yanaingia. Sijui niandike vipi: yanaingia kuliko zamani. Nimechota maji ya Debe miezi mingi na najua inavyotoa jasho. Hili siyo jasho. Pampu inafanya kazi mara tatu ya mwezi jana, na betri nayo haikai.

Achola ameweka sikio kwenye ubavu wa mashua. "Inalia," akasema. Sikupenda alivyoniangalia.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua tena. Barabara ya kusini mwa ziwa imekatika, lori halikuja. Tumekula samaki wa kuuzwa.

Jumanne, 5 Mei

Leo nitaandika yote.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama kaniki iliyopigwa pasi. Tulikwenda mbali, upande wa Eburru, kwa sababu samaki wamehama na mvua. Betri ilikuwa imetoka chaja jana. Saa nane mchana upepo ukashuka kutoka Kinangop kama kawaida yake, ila leo ulikuja na mvua mgongoni. Achola akageuza mashua turudi.

Hapo ndipo tulipoona mafunjo. Mtu asiyejua Naivasha hataamini: upepo ukivuma, kipande kizima cha mafunjo kinang'oka na mizizi yake na kuanza kutembea juu ya maji, kisiwa kizima na ndege wake. Kilitufungia njia. Injini ikasokota nyasi na kuzima. Mawimbi yakaanza kuingia juu, na maji mengine yalikuwa yakiingia chini, nilikuwa nayasikia kwenye nyayo.

"Pampu!" Achola akapiga kelele.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikapiga swichi kwa ngumi, nikaita jina la Yesu. Kimya.

"Kopo liko wapi?" Kiplangat akauliza. Kopo liko nyumbani ndani ya unga! Nikavua kitambaa cha kichwa, hakikushika kitu. Nikamwaga samaki kwenye karai, nikaanza kuchota na karai. Kiplangat alichota na mikono miwili. Khaemba alikuwa ameketi tu, ameshika ubavu wa mashua kwa vidole vyote, midomo imekuwa ya majivu. Sikujua. Miaka yote hii sikujua kwamba hawezi kuogelea.

Nikamwambia, "Kofia!"

Akaniangalia kama haelewi.

"Khaemba, kofia ya ndugu yako! Chota!"

Akaivua, akachota. Alichota na kofia ya Wasike huku akilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Achola alisukuma mafunjo kwa kasia mpaka tukapenya, na upepo wenyewe ukatutupa kwenye matope ya ufukweni, hatua chache kutoka kwa kiboko na mtoto wake. Tumetambaa. Samaki wote wamekwenda, na wavu mmoja. Sisi wanne tuko wazima, Mungu asifiwe.

Kofia ilikuwa imeharibika. Khaemba aliikunja, akaiweka ndani ya shati. Kwa dakika moja nilimwonea huruma.

Halafu akavuta pumzi, akasema: "Jumapili baada ya kanisa tunakaa. Nanyama, mashua imekukataa. Utatoka, na utakuja nyumbani kama wanawake wengine waliofiwa."

Huruma yangu ikaishia hapo.

Jumatano, 6 Mei

Wameivuta Debe nchi kavu. Wanaume wamekwenda kutafuta wavu. Nimebaki peke yangu, nimeng'oa mbao zote.

Nimetafuta mahali ambapo huenda jiwe lilitugonga. Hakuna. Ribiti ni zile zile, zinatoa jasho lile lile. Lakini katikati, karibu na gunia la chumvi, chuma kimeliwa. Kimekuwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, na vitatu kati ya hivyo vimetoboka kabisa, mwanga unaingia. Kwingine kote chuma ni kizima. Hapo tu.

Na juu ya vishimo hivyo, sawasawa juu yake, ndipo kiungo cha waya wangu kilipokuwa kimelala. Tepu ya kitambaa imeoza. Shaba iko uchi.

Nimeketi chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Vile vipovu havikuwa kiluwiluwi.

Alhamisi, 7 Mei

Kiplangat amenikuta na mbao zimeng'olewa. Ameangalia vishimo, ameangalia waya, akatema jani lake la nyasi bila mzaha. Huyu mtu wa Keringet anachekesha hata kwenye matanga, kwa hivyo nilijua mambo ni mazito.

"Mimi ndiye," nikasema.

"Khaemba ameona?"

"Bado."

"Basi sikiza. Leta lami tuzibe. Tutasema ni kiboko, jino la kiboko linatoboa hata lori. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikifunga tena vile vile, itatoboka tena vile vile, na siku hiyo hatutaangukia matope."

"Nanyama, wakijua ni wewe watakutoa!"

"Wanitoe wakijua. Sitaketi kwenye ubao wa Wasike kwa hisani ya kiboko."

Ameniita kichwa ngumu. Ni kweli, na kichwa hiki sikukiazima kwa mtu.

Ijumaa, 8 Mei

Sikulala nikiwaza. Lori linasimama juu ya mpira, na bodi yake ni kavu. Ndung'u yuko sawa kwa lori. Lakini Debe imekaa ndani ya maji, na maji yenyewe sisi tumeyatia chumvi. Umeme uliona njia ya mkato. Badala ya kwenda mpaka kwa pampu, ukawa unavuka maji, kutoka kwa bodi mpaka kwa ile shaba iliyo uchi, mchana na usiku, hata swichi ikiwa imezimwa, maana kiungo changu kiko kabla ya swichi. Ndiyo sababu betri ilikuwa inakufa. Na ukivuka, unavuka na chuma mdomoni.

Hayo ni mawazo. Nimetaka kuona kwa macho. Nimetia maji kwenye bilauri, nimetia chumvi, nimetumbukiza misumari miwili mipya, kila mmoja na waya wake kwa betri. Mmoja umeanza kutoa vipovu papo hapo, vile vile vya uji! Mwingine umekaa kimya. Jioni maji yalikuwa na rangi ya kutu, na ule uliokaa kimya umekonda kama sindano ya gunia.

Kesho nakwenda mjini kumwomba msamaha yule wa chaja. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

Jumamosi, 9 Mei

Nimemwomba. Amefurahi kupita kiasi.

Jumapili, 10 Mei

Tumekaa chini ya paa la kukaushia nyavu. Khaemba alianza, na alianza vizuri, nisimwibie haki yake. Alisema ndugu yake alikuwa mtu wa watu, alisema nusura tufe, alisema mwanamke ana mahali pake. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini leo lilivuma kwa mpangilio.

Halafu nikasimama. "Mashua imetobolewa na mimi," nikasema.

"Amekubali!" Khaemba akaruka. "Mmemsikia? Amekubali mwenyewe!"

"Nimekubali, ndiyo. Sasa kaa chini, sijamaliza."

Nikawaonyesha waya ulioliwa tepu. Nikawaonyesha bilauri na ule msumari uliokonda. Achola aliushika, akauvunja kwa vidole viwili. Nikasema: "Nilifunga mashua kama lori. Hilo ndilo kosa langu. Na chumvi yetu ikanisaidia kukosea. Kuna mmoja wenu alijua?"

Walitazama vipande vya msumari.

"Basi mimi ndiye ninayejua sasa, na nimejua kwa gharama yenu na yangu. Mkinitoa leo, mtamleta fundi wa lori, atafunga kama lori, na mtazama. Mimi nitafunga waya mbili. Mmoja uende, mmoja urudi, na bodi ya mashua isiguswe na umeme hata kidogo. Viungo vyote vitapita juu, mahali maji hayafiki. Vishimo tutapiga kiraka cha chuma kwa ribiti. Na sitaki jibu la kuniruhusu. Nawaambia tu nitakavyofanya kesho."

"Na ukikosea tena?" Khaemba akauliza.

"Nitakuwa ndani, shemeji. Si nitakuwa ndani pamoja na wewe?"

Kiplangat akacheka kwa pua. Akasema, "Mtu anayetoboa mashua halafu anasema, huyo naweza kukaa naye kwa maji. Naogopa yule atakayetoboa na kunyamaza." Wala hakuniangalia aliposema.

Achola hakutoa hukumu yoyote. Alikwenda kwenye Debe, akainua gunia la chumvi, akalipeleka nyuma na kulisimamisha juu ya ubao mrefu, akasema kuanzia sasa samaki watapakwa chumvi ndani ya karai. Kwa Achola hiyo ni hotuba.

Khaemba amesema tungoje Bwana Samaki. "Akikataa mashua, maneno yamekwisha." Nimesema sawa.

Jumatatu, 11 Mei

Waya. Mvua.

Alhamisi, 14 Mei

Waya mbili zinakula waya kweli! Nimefungua hata ule wa taa ya nyumbani isiyowaka. Viungo nimevifunga tepu, nikavipaka lami, nikavitundika juu kwenye ukingo. Swichi nimeitoa kule kwa injini kunakorushwa maji. Nimeiweka ndani ya kijisanduku cha mbao chini ya ubao wangu, ukiingiza mkono unaipata. Ina ndimi mbili za shaba, inakata umeme wa waya zote mbili kwa pamoja. Nilimwita Khaemba aje aone.

"Mimi siangalii waya za mwanamke," akasema.

Sawa. Kuitwa ameitwa, na imeandikwa hapa.

Jumatatu, 18 Mei

Siku saba betri haijachajiwa na bado pampu inanguruma. Hakuna vipovu. Nimelala kifudifudi ndani ya mashua kuangalia, hakuna hata kimoja.

Jumamosi, 23 Mei

Namalwa ameniletea kunde. Anasema Khaemba anaamka na kupiga kelele anaota maji. Nimemwambia amwambie aje nimfundishe kuogelea, na kofia yake. Baadaye nikajuta kwa sababu ya kofia.

Alhamisi, 28 Mei

Bwana Samaki amekuja na buti mpaka magotini, Mzungu mwekundu, hacheki wala hagombi. Ameizunguka Debe, amegonga kiraka kwa fimbo. Tukamwingiza, tukasukuma mpaka kwenye kina. Akaamuru karani wake amimine ndoo za maji chini ya mbao mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu.

"Haya. Nani iko na kazi ya pampu?"

Nilifungua mdomo. Khaemba alikuwa ameshasimama.

"Mimi, Bwana."

Achola akatazama ziwa. Kiplangat akainama kufunga kamba ya kiatu, na leo Kiplangat hana viatu.

Khaemba akaenda nyuma kwa injini, akapeleka mkono mahali swichi ilipokuwa. Pana tundu tu. Akapapasa chini yake, akapapasa juu. Akafuata waya kwa macho, akaona ziko mbili, akachanganyikiwa, akavuta mmoja kidogo, akauacha kama umemuuma. Jasho likaanza kumtoka shingoni. Maji ya ndoo yakawa yanacheza kwenye buti za Bwana Samaki.

"Pampu iko?"

"Iko, Bwana. Inakuja."

Nilikuwa naweza kumsaidia. Nataka iandikwe kwamba nilikuwa naweza, mkono wangu ulikuwa umbali wa shubiri kutoka kwa swichi. Sikuusogeza. Nilimwangalia tu, na yeye hatimaye akaniangalia. Kichwa kilikuwa wazi, hakuvaa kofia yoyote, na bila kofia ile anafanana na Wasike kuliko akiivaa.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo.

"Naam?"

"Washa."

"Unamwambia nani?"

Nilimwona akipima pande zote mbili, ruhusa upande huu na yeye mwenyewe upande ule. Halafu akamgeukia Bwana Samaki, akasema kwa sauti ya kutosha, "Bwana, mwenye pampu ni huyu. Ameketi pale."

Nikaingiza mkono chini ya ubao. Pampu ikanguruma, maji yakaruka nje kwa mkunjo mzuri, na yakaendelea kuruka mpaka mbao zikabaki na unyevu tu.

Bwana Samaki akaja kuangalia kijisanduku changu. Akainama, akafuata waya kwa kidole mpaka kwa betri na kurudi. "Nani fanya hii?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili. Akamwambia Achola: "Ruhusa iko. Lakini sikia. Mashua hii hapana toka bila mtu ya pampu. Mama hapana kuja, mashua hapana kwenda. Mimi nitaangalia."

Nimeona uso wa Khaemba. Sitauandika. Nusu yake ilikuwa hasira, na nusu nyingine, haki ya Mungu, ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua imekatika. Longonot imetoka yote, mpaka kileleni.

Alfajiri Khaemba amekuja mlangoni. Hajawahi kubisha hodi kwangu tangu mazishi, huwa anaingia tu. Leo amebisha. Alikuwa na kasia begani na kopo la petroli mkononi.

"Shemeji, tumekwisha kujitayarisha. Tunakungoja wewe."

Nimemwambia nakuja, nakunywa chai. Amesimama nje. Baadaye nikasikia Kiplangat ameita kutoka ufukweni kuuliza kuna nini, na Khaemba akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali: "Anakunywa chai!"

Nimemaliza kikombe. Nimekitazama. Halafu nikamimina cha pili.